Pikipiki kuukuu ya safari si chuma chakavu, itunze

Na MWANDISHI WETU

KATIKA mitaa ya Nairobi, Nakuru na Mombasa hukosi kuona ua ambamo pikipiki kubwa ya zamani imeegemezwa ukutani na kufunikwa turubai. Mwenyewe aliinunua enzi za ujana wake, akaizunguka nchi nayo, kisha majukumu ya nyumbani yakamzidi. Mara nyingine mwenyewe amekwisha kuaga dunia na watoto hawajui waifanyeje. Kuku wamegeuza kiti chake kiota, na mnunuzi wa vyuma vikuukuu hapiti bila kuulizia bei.

Kabla hujakubali bei yake, msomaji, ngoja kidogo. Pikipiki hiyo huenda ikawa na maisha marefu kuliko unavyodhani. Isitoshe, nyingi kati ya pikipiki hizo ziliundwa wakati watengenezaji walitarajia mwenyewe aifungue na kuifunga kwa mikono yake, kando ya barabara ikibidi. Hazina kompyuta. Ukiwa na spana chache, subira na kitabu cha maelezo, kazi kubwa ya utunzaji yaweza kufanyika nyumbani Jumamosi moja baada ya nyingine.

Lakini tuelewane tangu mwanzo. Pikipiki ya safari ina uzito wa zaidi ya kilo 200 na hukimbia kama gari. Ikitunzwa vibaya itaua. Kwa hivyo makala haya hayakusudii kukupa kitu cha kujivunia mbele ya majirani tu. Yanakusudia kukusaidia kuamua kama chuma hicho kinafaa kurudi barabarani, na kikirudi, kimrejeshe nyumbani salama aliyekipanda.

Pikipiki ya safari ni ipi?

Wengi wetu tumezoea pikipiki za bodaboda. Hizo zina silinda moja, injini ya sisi 100 hadi 150, na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Pikipiki ya safari ni dada yake mkubwa. Ina injini kubwa, tangi pana, kiti cha watu wawili kukaa kwa starehe na, aghalabu, kioo cha kukinga upepo na masanduku ya mizigo ubavuni.

Ili tusizungumze kwa jumla jumla, tuchukue mfano mmoja: BMW za Ujerumani zenye silinda mbili zinazopozwa kwa hewa. Utazitambua mara moja. Silinda moja imechomoza kushoto na nyingine kulia, kama mtu aliyenyoosha viwiko.

Mpango huo wa injini ni wa kale. Ulianza kwa modeli ya R 32 iliyotokea mwaka 1923, kazi ya mhandisi Max Friz. Tangu siku hiyo nguvu za injini zilipelekwa gurudumu la nyuma kwa shafti badala ya mnyororo. Kizazi tunachokizungumzia hapa kilianza mwaka 1969 na kiliundwa Spandau, Berlin, hadi mwaka 1996. Humo mna R 75/5, R 100 RS ya mwaka 1976, R 100 RT ya mwaka 1978 yenye injini ya sisi 980, na R 80 G/S ya mwaka 1980 yenye sisi 798.

Je, zilikuwa imara kweli? Mfaransa Hubert Auriol alishinda mashindano ya Paris-Dakar mwaka 1981 na 1983 akiendesha BMW za aina hii. Mbelgiji Gaston Rahier akafuata mwaka 1984 na 1985. Naye mwandishi Mwingereza Ted Simon, aliyeizunguka dunia kwa pikipiki ya Triumph kati ya 1973 na 1977 na kupitia Kenya njiani, aliporudia safari hiyo mwaka 2001 alichagua R 80 GS.

Kama yako ni Honda, Yamaha au Triumph, usiache kusoma. Vipimo vitatofautiana, lakini mantiki ya kazi ni ile ile.

Je, inafaa kufufuliwa?

Usianze kununua vipuri kabla ya kujibu maswali matatu.

Swali la kwanza ni karatasi. Je, kitabu cha umiliki kipo, na nambari za injini na za fremu zinalingana na zilizoandikwa humo? Ikiwa mwenye pikipiki alifariki, mambo ya urithi yamalizwe kisheria na jina libadilishwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA). Ni uchungu kutumia pesa nyingi kwa chombo ambacho huwezi kukikatia bima.

Swali la pili ni injini. Ondoa plagi zote mbili, mimina kijiko kimoja cha oili katika kila silinda, kisha iache ilale usiku kucha. Kesho yake, weka gia ya juu kabisa na uzungushe gurudumu la nyuma polepole kwa mkono, pikipiki ikiwa juu ya stendi ya katikati. Injini ikizunguka, una matumaini. Ikikataa, usiilazimishe. Huenda pistoni zimeshikwa na kutu, na hiyo ni kazi ya fundi.

Swali la tatu ni fremu. Angalia chini ya shingo ya usukani na pale shoka-abzoba zinapofungwa. Ukiona ufa, au alama za kuchomelewa ovyo, pikipiki hiyo iliwahi kuanguka vibaya. Iwache hadi mtu anayejua aikague.

Mahali na vifaa

Huhitaji gereji. Unahitaji sakafu ya saruji iliyo sawa, kivuli na mwangaza. Pikipiki ya kilo 200 ikiteleza juu ya stendi itavunja mguu wa mtu, kwa hivyo usiisimamishe juu ya udongo, na watoto wasicheze karibu.

Nunua seti nzuri ya spana na soketi za milimita, spana za pembe sita za ndani, bisibisi zinazoshika barabara, vibamba vya kupimia nafasi ndogo, na mita ya kupima umeme. Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi inajulikana kwa maduka ya vipuri na vifaa. Spana ya bei rahisi iliyolegea huharibu vichwa vya nati, na nati iliyoharibika itakugharimu zaidi ya ile tofauti ya bei uliyoikwepa.

Tafuta pia trei mbili za mayai. Kila nati unayoitoa iweke katika shimo lake kwa mpangilio ulioitoa, na uandike kwa kalamu ilikotoka. Mwisho nunua daftari la kurasa 96. Humo utaandika tarehe, kilomita, ulichokifanya na vipimo ulivyovipata. Baadaye tutaona jinsi daftari hilo linavyoweza kuokoa injini nzima.

Kuna mambo mawili ya hatari ya kukumbuka daima. Petroli haipendani na jiko la makaa, sigara wala taa ya mafuta, hata ikiwa mbali hatua kadhaa, kwani mvuke wake hutambaa chini. Pia usiwashe injini ndani ya nyumba au banda lililofungwa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu inayoweza kumaliza familia iliyolala chumba cha pili.

Anza na breki na tairi

Wengi hukimbilia injini kwa sababu wanatamani kusikia mlio. Hilo ni kosa. Anza na kile kinachosimamisha pikipiki.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani. Yakikaa miaka, maji hayo hula vyuma kwa ndani, na breki ikipata joto hugeuka mvuke. Ukishika breki kwenye mteremko wa Mai Mahiu utahisi mkono umeingia hewani. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili, ukitumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikombe chake. Yasidondokee rangi ya tangi kwani yataibambua. Mipira inayopeleka mafuta hayo kwenye breki nayo huzeeka. Ikiwa imepasuka au inafura ukibana breki, ibadilishe yote.

Modeli kadhaa zina breki ya ngoma nyuma. Ukiifungua usilipulize vumbi kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Viatu vya breki vya zamani huenda viliundwa kwa asbesto, na vumbi lake hudhuru mapafu. Lipanguse kwa kitambaa kilicholowa maji, kisha ukitie ndani ya mfuko na ukitupe.

Kuhusu tairi, usidanganywe na meno marefu. Mpira hufa kwa umri. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa herufi zinazoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yenye 2318 iliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hiyo iliundwa kabla ya mwaka 2000, na mahali pake ni jalala. Nyufa ndogo ndogo ubavuni zina maana hiyo hiyo.

Petroli na tangi

Petroli iliyolala hugeuka gundi inayonuka kama rangi kuukuu. Imwage yote. Mulika tochi ndani ya tangi. Ukiona kutu nyepesi, jaza siki na uiache siku moja au mbili, kisha imwage, suuza kwa maji yaliyotiwa magadi ya kupikia ili kuua asidi, na ulikaushe upesi kabla kutu haijarudi. Kutu nzito iliyotoboa bati ni kazi ya mchomeleaji mwenye uzoefu, kwani tangi lililobaki na mvuke linaweza kulipuka.

BMW hizi zina bomba mbili za kufungulia petroli, kila upande moja, na kila moja ina chujio linaloingia ndani ya tangi. Litoe ulioshe. Mipira ya petroli iliyokakamaa badilisha bila kuibembeleza. Ni vipuri vya bei ndogo, na ikivuja inadondosha petroli karibu na injini ya moto.

Oili nne, si moja

Hapa ndipo wageni wa pikipiki hizi hushangaa. Bodaboda ina oili moja ya injini na gia pamoja. BMW yenye shafti ina vyumba kadhaa vya oili visivyochanganyika. Injini huchukua zaidi ya lita mbili kidogo za oili ya 20W-50. Giaboksi huchukua mililita 800 za oili nzito ya gia. Kichwa cha gurudumu la nyuma huchukua kati ya mililita 250 na 350 kulingana na modeli, na bomba la shafti mililita 100 hadi 150. Zile GS za kuanzia mwaka 1987 hazitiwi oili katika bomba hilo, hivyo soma kitabu chako kwanza.

Mwaga oili baada ya kuendesha kidogo, ingali moto, ili itoke na uchafu wake. Kuna hekima moja ndogo: fungua kwanza tundu la kujazia kabla ya lile la kumwagia. Nati ya juu ikikataa kufunguka, angalau bado una oili ndani na unaweza kuendesha hadi kwa fundi.

Chunguza kile kinachotoka. Sumaku ya nati ya giaboksi ikiwa na unga laini wa chuma, hiyo ni hali ya kawaida. Ukikuta vipande vinavyoshikika kwa vidole, kuna jino au beringi inayovunjika. Oili iliyogeuka nyeupe kama maziwa imeingiwa na maji.

Filta ya oili imo ndani ya tundu upande wa kulia wa injini. Kifuniko chake kina mpira wa duara na pete nyembamba ya chuma. Mpira huo ni mdogo, lakini ukikosea kuuweka, oili hurudi chini badala ya kupelekwa kwenye beringi, na injini hujila yenyewe bila tone moja kuonekana sakafuni. Kabla ya kufunga, angalia mpangilio katika kitabu, tumia mpira mpya, kisha uangalie taa ya oili inazimika upesi injini ikiwaka.

Kwa foleni na vumbi letu, badilisha oili ya injini kila mwaka au kila kilomita 5,000 hadi 7,500, lolote litakalotangulia. Oili iliyotumika usiimwage mtaroni wala kuinyunyizia uani. Ina sumu. Iweke katika jerikeni na uipeleke kwa gereji inayozikusanya. Sufuria uliyoitumia kukingia nayo isirudi jikoni kamwe.

Kurekebisha vali

Kazi hii huwatisha watu, kumbe kwa injini hii ni rahisi kuliko kwa gari lolote. Vichwa vya silinda viko nje, mbele ya macho yako. Wataka kiti kidogo tu cha kukalia.

Injini lazima iwe baridi kabisa. Toa plagi. Weka karai chini ya silinda, fungua kifuniko cha vali chenye nati tatu, na oili kidogo itamwagika. Upande wa kushoto wa injini kuna kizibo cha mpira. Kitoe, na ndani utaona gurudumu zito la injini. Weka gia ya juu, zungusha gurudumu la nyuma hadi herufi OT zitokee katikati ya dirisha hilo. Ni kifupi cha Kijerumani chenye maana kwamba pistoni zimefika mwisho wa juu.

Pistoni zote mbili hufika hapo pamoja, lakini silinda moja tu ndiyo iliyofunga vali zake. Itambue kwa kutikisa vyuma vinavyosukuma vali: upande ambao vyote viwili vinacheza kidogo ndio wa kurekebisha. Pitisha kibamba cha kupimia kati ya ncha ya chuma na kichwa cha vali. Kwa modeli nyingi za kuanzia mwaka 1976, vali ya kuingizia, iliyo nyuma upande wa kabureta, ipewe milimita 0.10. Ya kutolea moshi, iliyo mbele, ipewe 0.20. Kibamba kipite kwa kukwaruza kidogo, kisiteleze wala kukwama. Ukimaliza, zungusha hadi OT itokee tena na ufanye upande wa pili.

Andika daftarini kipimo ulichokikuta kabla ya kurekebisha. Hapa ndipo faida yake. Pikipiki nyingi za zamani ziliundwa wakati petroli ilikuwa na madini ya risasi, ambayo yalikinga viti vya vali. Kenya iliacha kuuza petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na Algeria, ya mwisho duniani kuiuza kwa magari, iliacha mwaka 2021. Ni heri kwa afya ya watoto wetu. Lakini katika injini fulani, hasa zile BMW za miaka ya mwanzo ya 1980, vali ya moshi huzama polepole katika kiti chake na nafasi yake hupungua. Ukiona daftarini kwamba kila mara umeikuta imebana, na umbali kati ya marekebisho unazidi kuwa mfupi, usingoje. Vali isiyofunga barabara huungua. Toa kichwa cha silinda upeleke kwa karakana ya mashine kiwekewe kiti kipya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kabureta na mapafu ya injini

Kabureta za Bing zilizo kwenye pikipiki hizi ni za kupendeza kwa mwanafunzi. Bakuli la chini limeshikwa kwa waya wa springi tu. Funga petroli, sukuma waya kando, na bakuli linashuka mkononi. Maji na taka zikiwa ndani utaziona.

Jeti, yaani vile vitundu vya shaba, usivichokoe kwa waya. Tundu likipanuka hata kidogo kipimo chake kimeharibika. Puliza kwa pampu ya hewa au pitisha uzi wa nailoni. Fungua pia kifuniko cha juu, utoe kiwambo cha mpira na ukielekeze kwenye mwangaza wa dirisha. Tundu dogo kama la sindano linatosha kuifanya injini ikose nguvu upande mmoja.

Silinda mbili zenye kabureta mbili ni kama ng'ombe wawili katika jembe moja. Mmoja akivuta zaidi, mtaro utapinda. Utahisi usukani ukitetemeka. Fundi ana geji za kusawazisha, lakini hata nyumbani unaweza kutengeneza kipimo. Chukua mpira unaopitisha mwanga wa mita kadhaa, ufunge kwenye ubao kwa umbo la herufi U, tia oili kidogo katikati, kisha unganisha kila ncha na kitundu cha kupimia cha kabureta moja. Oili itapanda upande unaovuta zaidi. Rekebisha hadi zilingane. Oili ikianza kukimbilia ncha moja, zima injini mara moja. Usiiache injini ikinguruma bila kwenda kwa zaidi ya dakika chache, kwani hupozwa na upepo wa mwendo. Weka feni mbele yake ukiweza.

Kumbuka pia kwamba Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 hivi, na hewa yake ni nyepesi. Pikipiki iliyorekebishwa Mombasa itachoma petroli kwa wingi kupita kiasi huku, na plagi zitakuwa nyeusi kama masizi. Plagi iliyo na afya huwa na rangi ya kahawia hafifu. Unapoirudisha, ianze kwa vidole. Kichwa cha silinda ni aluminiamu, na mikunjo yake ikiharibiwa na spana, hasara ni yako.

Umeme: kitaa chekundu chenye siri

Kanuni ya kwanza: usifungue kifuniko cha mbele cha injini kabla ya kutenganisha waya hasi wa betri. Nyuma ya kifuniko hicho kuna nyaya zenye umeme wa betri hata ufunguo ukiwa umetolewa. Chuma kikigusa, kibao cha daiodi kitaungua mara moja.

Kanuni ya pili huwashangaza wengi. Kile kitaa chekundu cha kuchaji si cha kuonya tu. Umeme wa kuamsha altaneta hupitia humo. Balbu yake ikiungua, altaneta haichaji, na betri inaisha njiani bila onyo lolote. Ukiwasha ufunguo na kitaa kikakosa kuwaka, tafuta balbu kwanza kabla ya kununua altaneta.

Kikiendelea kuwaka ukiwa safarini, kagua brashi za altaneta, vile vipande vya makaa vinavyosuguana na pete. Huisha kama penseli. Kwa mita, injini ikikimbia, betri inapaswa kuonyesha volti 13.5 hadi 14 hivi. Ikibaki 12, hakuna kinachoingia.

Ya kumwachia fundi

Hakuna aibu kumwita mwenye ujuzi. Beringi za krankshafti, meno ya giaboksi, viti vya vali na kuchomelea fremu si kazi ya uani. Lakini hata hapo utunzaji wako una faida. Mafundi wengi wa jua kali wamezoea pikipiki ndogo za mnyororo, na fundi hodari atashukuru ukimpelekea kitabu cha maelezo na daftari lenye historia. Kaa naye, tazama, uliza kwa heshima. Na vipuri vinavyotolewa omba urudishiwe uvione.

Ratiba isiyochosha

Kila wiki, pima upepo wa tairi zikiwa baridi, kiwango cha oili, taa na breki. Kila kilomita 5,000 hadi 7,500, badilisha oili ya injini, pima vali, sawazisha kabureta na kagua plagi. Kila mwaka, oili za gia, za shafti na za gurudumu la nyuma, na usafishe chujio la petroli. Kila miaka miwili, mafuta ya breki. Haba na haba hujaza kibaba.

Baada ya matengenezo makubwa usikimbilie Mombasa. Jaribu breki mtaani kwa mwendo wa pole. Nenda kilomita chache, rudi, kagua nati zote na sakafu chini ya injini. Jumapili inayofuata nenda hadi Limuru na kurudi. Safari ndefu baadaye. Na kila mara, anayeendesha na anayebebwa wote wavae kofia ngumu na jaketi la kung'aa, kama sheria inavyotaka.

Faida ya nyumba nzima

Mzazi anaweza kuuliza: kwa nini nimpe mwanangu kazi ya kuchafua mikono wakati ana mitihani? Ukweli ni kwamba mambo ya mitihani hiyo yamejaa humo. Shinikizo la hewa, sumaku inayozaa umeme, kutu, msuguano, kipimo cha sehemu ya milimita, yote yako mbele yake kwenye ubao wa chuma. Binti au kijana aliyewahi kutafuta mahali umeme unapopotea hujifunza kutokisia. Hupima, huandika, kisha huamua. Ujuzi huo utamfaa hata asipogusa pikipiki tena.

Na kwa nyumba iliyoachiwa pikipiki na mzee aliyetangulia mbele ya haki, kuna jambo jingine. Kuiuza kwa kilo ni uamuzi wa dakika tano usioweza kutenguliwa. Kuikagua kwa wiki mbili hakugharimu sana. Mkishakagua, pengine mtaona fremu ina ufa, au fedha hazitoshi, nanyi mtaiuza mkijua mnachouza, kwa mtu atakayelipia pikipiki na wala si chuma. Pengine mtaona inafaa. Kwa vyovyote uamuzi uwe wenu, mkiwa mmekaa pamoja, na karatasi zake zikiwa mezani.

Basi wikendi hii toa turubai, fukuza kuku, na uanze na yale maswali matatu. Kitunze kidumu, walisema wahenga. Nasi twaongeza: kikague kwanza, ujue kama kinastahili kudumu.